Nyumba Zilizojua Upepo
Historia fupi ya ujenzi wa Kilwa, na bweni tunalolichangia mwaka huu

Ndugu zangu wana Kilwa, mlioko nyumbani na tulioko mijini,

Mimi si mhandisi wala mwanahistoria. Ni mhasibu, na kwa miaka kadhaa nilikuwa mweka hazina wa chama chetu. Kamati iliponiomba niandike historia ya ujenzi wa kwetu kwa ajili ya kijitabu cha harambee ya mwaka huu, nilikubali haraka kwa sababu nina deni.

Deni lenyewe ni hili. Tulipojenga vyumba viwili vya madarasa katika shule moja ya kwetu, fundi alileta makadirio yaliyozidi fedha tulizokuwa nazo. Nikachukua kalamu nyekundu. Nilifuta baraza la mbele. Nilifuta dari. Nilipunguza kozi mbili za matofali kwenye kimo cha ukuta. Madirisha ya nyuma nikayafanya mawili badala ya manne. Kisha tukakubaliana jengo litazame barabara, yaani magharibi, ili lipendeze kwenye picha siku ya uzinduzi. Hesabu zikafunga, na wajumbe wakanipigia makofi.

Miaka miwili baadaye nilikwenda nyumbani msibani, mwezi wa Februari. Saa nane mchana nikapita shuleni. Madarasa yetu yalikuwa matupu. Watoto walikuwa wamekaa chini ya mwembe, ubao umeegemezwa kwenye shina. Mwalimu, ambaye hakujua kuwa mimi ndiye niliyeshika kalamu, aliniambia kwa upole: "Yale tunayatumia asubuhi tu, kaka. Mchana ni tanuri."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza wazee na mafundi: watu wa Kilwa wamejenga hapa kwa karne nyingi kabla ya feni na kiyoyozi. Waliishije? Haya ndiyo niliyoyapata.

Mji wa mawe na mji wa miti

Tunapotaja majengo ya Kilwa, mawazo yetu hukimbilia Kisiwani: Msikiti Mkuu wenye kuba, jumba la Makutani, Gereza, na Husuni Kubwa juu ya genge. Ni haki yetu kujivunia. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na mwaka 2014 yakaondolewa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini baada ya kukaa humo miaka kumi.

Lakini Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliusifu uzuri wa mji wetu na papo hapo akaandika kuwa nyumba zake zilikuwa za miti, zimeezekwa kwa matete. Sultani aliyempokea alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, yule yule anayetajwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa na wa upanuzi wa Msikiti Mkuu. Wachimbaji wa mambo ya kale nao wameona kuwa pamoja na nyumba za mawe zilikuwapo nyumba za miti na udongo. Kwa hiyo tuna urithi wa aina mbili: nyumba ya mawe na chokaa ya wenye uwezo, na nyumba ya miti, udongo na makuti ya watu wengi. Tumezoea kuiheshimu ya kwanza na kuionea haya ya pili. Zote mbili zilijengwa na watu waliolijua jua la kwetu.

Tuanze na nyumba ya mawe. Jiwe lake lilitoka baharini na ufukweni: tumbawe, jepesi na lenye matundu mengi ndani. Lilichongwa likiwa bichi, na mengine yalichomwa tanurini kupata chokaa. Ukuta uliweza kufika karibu nusu mita kwa unene. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haivuki mbali, upana wa chumba ulibaki karibu mita mbili na nusu hadi tatu. Ndiyo maana vyumba vya magofu yetu ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti walishindilia mawe na chokaa mpaka paa likawa tambarare na nene.

Ukienda Songo Mnara, mji uliostawi kuanzia mwisho wa karne ya 14, utaona jambo lingine. Kuna mabaki ya nyumba kubwa zaidi ya arobaini, na nyumba nyingi zina ua wa ndani uliozama chini ya usawa wa vyumba, wenye ngazi za kukalia. Mgeni alipokelewa uani. Vyumba vilivyofuata viliufungukia ua huo, na mwanga na hewa viliingia kupitia hapo. Kuta za ua zilikuwa zikitiliana kivuli zenyewe, asubuhi upande mmoja, jioni upande mwingine.

Husuni Kubwa nayo ilijengwa nje ya mji, kwenye ukingo wa genge linalotazama bahari, mahali pa upepo. Humo mna bwawa la pembe nane ambalo wageni hupenda kulipiga picha. Tusilitungie hadithi kwamba lilikuwa kiyoyozi cha sultani. Maji hupoza sana kwenye nchi kavu ya jangwa, kwa sababu hewa ina kiu ya kuyanywa. Hewa ya pwani yetu imeshashiba unyevu. Kinachompoza mtu wa Kilwa ni kivuli na upepo unaopita mwilini.

Wareno walipoiteka Kilwa mwaka 1505, watu wa msafara wao waliandika juu ya nyumba za mawe na chokaa, na juu ya bustani za miti ya matunda. Mti ulikuwa sehemu ya nyumba. Wakati mwingine nadhani hilo ndilo tulilolisahau kuliko yote.

Nyumba ya bibi

Nyumba ya pili sina haja ya kuisoma vitabuni, kwa sababu wengi wetu tulizaliwa ndani yake. Mbele ina baraza, chini ya upenu mrefu. Mlango wa mbele unaingia ukumbini, na ukumbi unanyooka mpaka mlango wa uani. Vyumba viko kushoto na kulia. Kuta za ndani hazifiki juu, zinaishia kimo cha mtu na kidogo. Paa la makuti limesimama kwa mwinuko mkali, na kati ya ukuta na paa kuna uwazi. Jiko liko uani.

Tulipokuwa watoto hatukujua kuwa kila kitu hapo kilikuwa na kazi. Ukifungua milango yote miwili, upepo unapita ukumbini kama maji kwenye mfereji. Hewa ya moto hupanda, nayo inapata njia ya kutokea juu. Makuti hayapitishi joto upesi, na yanapumua. Upenu unazuia jua lisipige ukuta, na baraza linakuwa sebule ya mchana. Moto wa kupikia haulali na watu ndani.

Jua la kwetu lina desturi zake. Kilwa ipo karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba, jua la saa sita linasimama utosini. Mwezi wa Juni linakaa upande wa kaskazini, na Desemba linasogea kidogo kusini, lakini saa za mchana huwa daima liko juu. Maana yake ni kwamba joto kubwa linaingia kwa njia ya paa. Ukuta wa kaskazini na wa kusini unakingwa na upenu wa kawaida tu. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hauna kinga hiyo, kwa sababu asubuhi na jioni jua liko chini na linapita chini ya upenu. Nyumba ndefu inayotazama magharibi inapokea jua la alasiri kifuani. Ndivyo nilivyowafanyia watoto wa shule ile.

Upepo nao una majira. Kaskazi inavuma takriban Desemba hadi Machi, miezi ya joto kali. Kusi inavuma kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi. Pepo zote mbili zinakuja kutoka upande wa baharini. Nyumba yenye madirisha pande mbili zinazokabiliana inapokea na kutoa. Yenye madirisha upande mmoja ni kama mtu anayevuta pumzi bila kuitoa.

Bati na udongo ulaya

Mabati ya mikunjo yalibuniwa Uingereza mwaka 1829, na ufundi wa kuyapaka zinki yasishike kutu ukafuata Ufaransa mwaka 1837. Yalienea duniani kwa kasi kwa sababu ni mepesi, hayashiki moto na fundi mmoja anaezeka nyumba kwa siku chache. Saruji nayo wazee wetu waliiita udongo ulaya, na jina hilo linaeleza mengi juu ya heshima iliyokuja nayo.

Baada ya Uhuru vitu hivi vilianza kutengenezwa nchini. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966. Nyumba ya matofali ya saruji na bati ikawa ndiyo maana ya maendeleo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha mwaka 1977, alilalamika kuwa watu wamepumbazwa na saruji na bati. Alisema wanakataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae wakati udongo upo, wakabaki wanasubiri vya dukani.

Hatukumsikiliza sana, na tulikuwa na sababu. Makuti yanataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kuyapata si rahisi kama zamani. Yanashika moto. Yanavuja. Bati linakinga mvua na tena linakuchumia maji ya kunywa, jambo kubwa kwa vijiji vyetu vyenye visima vya chumvi. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, na barabara ya kusini ikaendelea kuwekwa lami, malori ya saruji na mabati yalifika kwetu kuliko wakati wowote. Leo ukipita barabarani kutoka Somanga mpaka Masoko, bati linang'aa kila upande. Siwezi kumlaumu mama aliyeweka akiba miaka kumi akaezeka bati. Hata nyumba yangu ni ya bati.

Kosa letu ni kwamba tulipobadilisha vifaa, tulitupa pia maarifa. Tuliondoa makuti mazito tukaweka bati jembamba lisilo na kitu chini yake. Tukapunguza upenu kwa sababu bati ni ghali. Tukajenga kuta za ndani mpaka juu, tukaziba uwazi wa paani. Tukaweka madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, ambayo hata ukiyafungua yote, nusu inabaki kioo. Tukakata mwembe ili nyumba ionekane. Kisha tukanunua feni, na umeme ukikatika tunahamia nje kwenye mkeka.

Haikuwa lazima iwe hivyo. Wajenzi wa kisasa walilijua somo hili. Mwaka 1956 Maxwell Fry na Jane Drew, wasanifu wa Kiingereza waliofanya kazi Afrika Magharibi, walichapisha kitabu kizima juu ya ujenzi wa nchi za joto lenye unyevu. Na sisi wenyewe tunalo Soko la Kariakoo, lililochorwa na Mtanzania Beda Amuli na kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Paa lake ni miavuli mikubwa ya zege iliyosimama juu ya nguzo, inayotia kivuli, inayoruhusu hewa kupita na kukusanya maji ya mvua. Wana Kilwa wangapi wamefanya biashara chini ya miavuli ile! Ilikuwa saruji, lakini ilijengwa kwa akili ya mwembe.

Hatuwezi kurudi, lakini tunaweza kuchukua

Sitaki mnielewe vibaya. Sisemi tujenge bweni la matumbawe. Kuchimba matumbawe ni kuua mazalia ya samaki, na mikoko ya delta ya Rufiji haipaswi kukatwa ovyo. Wala nyumba ya kale haikuwa pepo. Vyumba vya ndani vya nyumba za mawe vilikuwa na giza na hewa haba. Nyumba ya makuti ilikuwa na panya, na mbu waliingia kwa uwazi ule ule uliotoa joto.

Kuna jambo pia ambalo mafundi wamenifundisha na linahusu bweni moja kwa moja. Ukuta mzito unakawia kupata joto mchana, na hilo ni zuri kwa darasa. Lakini ukishapigwa na jua kutwa, unalirudisha joto usiku, wakati watoto wamelala. Kwa hiyo bweni lina masharti makali kuliko darasa: kuta zake lazima zikingwe jua tangu mwanzo, na hewa ya usiku lazima ipite juu ya vitanda.

Majirani zetu wa Mtwara wameshaanza kuona mfano. Huko vijijini zimejengwa nyumba 110 za majaribio ya afya, zenye ghorofa moja, watu wakilala juu kwenye upepo, na kuta zenye wavu unaopitisha hewa na kuzuia mbu. Si lazima tuige umbo lile. Linatuonyesha tu kuwa swali la zamani, hewa au mbu, lina jibu. Uwazi wa paani haupaswi kuzibwa kwa tofali. Unawekewa wavu.

Hesabu ya bweni

Sasa naomba niseme kama mhasibu. Tunapopanga bajeti tunatazama gharama ya kujenga, kwa sababu ndiyo inayotuumiza siku ya mchango. Hatutazami gharama ya kuishi ndani ya jengo: umeme wa feni kila mwezi, feni zinazoungua, na ile isiyoandikwa popote, yaani usingizi wa mtoto anayefanya mtihani kesho. Gharama ya kwanza inalipwa mara moja na sisi. Ya pili inalipwa kila siku na shule isiyo na fedha. Nilipofuta dari na baraza sikuokoa kitu. Niliwahamishia watoto deni.

Ramani ya bweni la wasichana iliyo mbele ya kamati ina mambo matano niliyoyaomba, na fundi amekubali kuwa yanawezekana kwa vifaa vya madukani kwetu.

Kwanza, jengo lilale mashariki hadi magharibi, madirisha yake yakitazama kaskazini na kusini. Hili halina gharama yoyote. Linataka tu tukubali kuwa barabarani wataona ubavu wa jengo.

Pili, upenu mrefu pande zote mbili ndefu, na upande mmoja uwe baraza kamili. Wasichana watasomea hapo alasiri.

Tatu, bati la rangi nyeupe au ya kung'aa, na chini yake dari, ili lile joto la paa lisiwashukie vichwani. Kati ya bati na dari hewa ipite, iingie chini ya upenu na kutokea kileleni.

Nne, madirisha yanayokabiliana, ya kufunguka yote, yenye nondo na wavu. Juu yake, chini ya dari, mstari wa matofali ya matundu wenye wavu kwa ndani, ili hewa ipite usiku hata madirisha yakifungwa kwa usalama.

Tano, miti. Miarobaini na mikungu upande wa magharibi, ipandwe siku ile ile ya kuchimba msingi. Jengo likikamilika, miti itakuwa imeshaanza kazi.

Vitu hivi vinaongeza gharama, sitaficha. Dari na upenu ndivyo vinavyoongeza zaidi. Najua pia kitakachotokea fedha zikipungua: mtu mwema, mwenye nia njema, atachukua kalamu nyekundu na kuanza kufuta visivyoonekana kwenye picha. Ndiyo maana nimeiomba kamati iandike kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba mambo haya matano hayafutwi. Fedha zikipungua, tujenge vyumba vichache vilivyo kamili, vingine vifuate mwaka ujao.

Kwa hiyo ndugu yangu, unapojaza fomu ya ahadi iliyo katikati ya kijitabu hiki, usiahidi mabati peke yake. Kila mwaka tunapata wa kuchangia mabati na saruji, na jina linasomwa kwa shangwe. Tunatafuta wa kuchangia dari, wavu, matofali ya matundu na miche ya mikungu. Mlioko nyumbani mna mchango ambao hatuwezi kuununua mjini: kuichimbia miti mashimo na kuimwagilia mpaka ishike.

Mimi nimeahidi dari ya chumba kimoja. Na yale madarasa mawili, kamati imekubali tuyaongezee baraza na dari mara bweni litakapokwisha. Nitachangia hapo pia, kwa sababu ule mwembe nao umezeeka.

*Mwandishi ni mweka hazina wa zamani wa chama, anaishi Dar es Salaam.*